Naitrojeni ya Chini ya Bahari na Mchanga wa Chidya

Juu ya kila ekari ya shamba pale Chidya, kati ya Masasi na Newala, kuna karibu tani 30,000 za naitrojeni. Hesabu yake si ngumu: hewa iliyo juu ya mita moja ya mraba ina uzito wa tani 10 hivi, na robo tatu ya uzito huo ni naitrojeni. Chini ya hewa hiyo hiyo majani ya mahindi yanageuka njano kwa kukosa naitrojeni. Mwanafunzi wa sekondari anaijua sababu: atomu za naitrojeni hewani zimeshikana mbili mbili kwa vifungo vitatu, na mmea hauna nguvu ya kuvikata. Jibu hilo ni sahihi, ila linaishia njiani. Halielezi kwa nini udongo mmoja unaishika ile naitrojeni kidogo inayoufikia na mwingine unaiachia ishuke na maji. Wala halielezi kwa nini hewa yenyewe bado inayo, ilhali sakafu ya bahari imekuwa ikiimeza kwa mamilioni ya miaka bila kukoma.

Naamini maswali haya mawili ni ya ukoo mmoja. Kinachoamua shambani Chidya na kinachoamua chini ya bahari kuu ni kilekile: je, kuna madini yenye nafasi ya kuikalisha naitrojeni? Nafasi hiyo tuiite kiti. Mwenye kiti ni potasiamu, ambayo katika ulanga na katika aina kadhaa za mfinyanzi hukaa katikati ya kurasa za madini na kuzishikanisha. Naitrojeni ikishapata haidrojeni ikawa amoniamu, huwa na chaji sawa na ya potasiamu na umbo linalokaribiana nalo. Basi potasiamu inapobanduka, amoniamu hukikalia kiti. Gesi iliyokuwa ikipeperuka inakuwa sehemu ya jiwe, na inaweza kukaa humo miaka milioni mia kadhaa.

Tuanze baharini, maana huko ndiko kazi kubwa inakofanyika. Ganda la dunia lililo chini ya bahari si kama la bara. Lina unene wa kilomita 6 au 7 tu, ni jiwe jeusi la basalti kwa juu na jamaa zake wenye chembe kubwa kwa chini, na huzaliwa pale mabamba mawili yanapoachana. Ganda lililo mbele ya Mtwara, kuelekea Komoro, lilianza kutengenezwa Madagaska ilipokuwa ikiachana na Afrika, enzi zilezile ambazo dinosaria wa Tendaguru walikuwa wakitembea Lindi. Mwaka 1972 meli ya utafiti Glomar Challenger ilitoboa sakafu ya bahari hii yetu, katika bonde la Somalia na kwenye mgongo wa Davie, na kutoa vipande vya tope na mawe vilivyozikwa humo.

Basalti inapotoka kwenye moto karibu haina naitrojeni: gramu moja kwa tani, mara nyingi pungufu ya hapo. Lakini haibaki hivyo. Maji ya bahari hupenya nyufa zake kwa mamilioni ya miaka, yanaingia baridi na kutoka ya moto, yakibadili madini njiani. Juu yake tope linajikusanya likiwa na mizoga ya viumbe vidogo, na mizoga ikioza amoniamu inaingia kwenye maji na kushuka nayo. Iko pia njia isiyohitaji kiumbe hai: mahali ambapo maji yanakutana na chuma cha jiwe na kuzalisha haidrojeni, naitrojeni iliyoyeyuka majini inaweza kugeuzwa amoniamu na jiwe lenyewe. Katika nyufa huota mfinyanzi wa kijani na feldispa zenye potasiamu, na hapo viti vinapatikana.

Long Li, Gray Bebout na mwenzao walipopima basalti kongwe iliyochimbwa karibu na Mariana, katika Pasifiki, na kutangaza matokeo mwaka 2007, walikuta kati ya gramu moja hivi na gramu 18 kwa tani. Vincent Busigny na wenzake walikuta ongezeko la namna hiyo katika ganda changa zaidi la Pasifiki ya mashariki. Tope la juu lina mamia ya gramu kwa tani, kwa hiyo kwa muda mrefu wataalamu walihesabu tope na kuliacha jiwe. Nadhani walikosea mizani. Chukua kilomita moja ya mraba ya ganda lenye unene wa kilomita 6, na uliwekee wastani wa gramu 4 tu kwa tani. Unapata tani 70,000 za naitrojeni, ambazo ni sawa na naitrojeni iliyomo katika mifuko milioni 3 ya urea ya kilo 50. Tope lenye unene wa mita mia tatu juu yake linaweza kubeba kiasi kinachokaribiana na hicho. Lakini tope ni laini. Sehemu yake hukwanguliwa bamba linapozama chini ya jingine, na likishuka hupashwa moto mapema. Jiwe linashuka zima. Ndiyo maana ganda la bahari, pamoja na umaskini wake kwa kila tani, lina haki ya kuhesabiwa kuwa njia kuu ya naitrojeni kuelekea chini.

Msomaji wa Kiswahili aliye Oman anaweza kuligusa ganda hilo kwa mkono. Milima ya Samail, kati ya Muscat na Nizwa, ni sakafu ya bahari yenye umri wa miaka milioni 96 hivi iliyosukumwa juu ya nchi kavu badala ya kuzama. Familia nyingi zilizohamia Zanzibar zilitoka kwenye mabonde ya milima hiyo. Kati ya 2016 na 2018 mradi wa kimataifa wa uchorongaji ulitoa huko maelfu ya mita za mawe ya ganda la bahari na ya miamba iliyo chini yake, bila kuhitaji meli.

Swali gumu ni nini kinatokea bamba likizama. Hapa wataalamu wanagawanyika, na tofauti yao si ndogo. Ulanga unaweza kuvumilia moto mwingi, lakini kila kiti kina kikomo chake. Katika miamba ya Catalina, California, Bebout na Marilyn Fogel walionyesha mwaka 1992 kwamba mawe yaliyozama kwa njia ya moto yalipoteza sehemu kubwa ya naitrojeni yake. Katika milima ya Alps, ambako tope la kale lilizama kwa njia ya baridi, Busigny alikuta mwaka 2003 kwamba naitrojeni ilikuwa karibu yote bado imo. Amerika ya Kati inaonyesha tofauti nyingine katika mwambao mmoja: volkano za Guatemala zinatoa gesi yenye alama za naitrojeni ya tope la baharini, na za Kosta Rika zinatoa naitrojeni inayofanana na ya tabaka la kati la dunia, kana kwamba tope la huko halikufika chini ya volkano au lilipita bila kuachia kitu.

Alama zenyewe zinasomwa hivi. Naitrojeni iko ya aina mbili, nyepesi na nzito kidogo, na uwiano wake hewani ndio sifuri ya kipimo. Tope la bahari lina nzito zaidi, karibu 5 hadi 7 katika elfu juu ya hewa. Tabaka la kati, kama linavyoonekana kwenye migongo ya bahari, liko 5 hivi katika elfu chini. Kwa hiyo gesi ya volkano ina cheti cha kuzaliwa.

Tanzania ina ushahidi wake katika kesi hii, na ni wa kale kuliko wa Alps kwa mbali. Mwaka 1995 Andreas Möller na wenzake walieleza mawe ya kilima cha Yalumba, karibu na Isimani mkoani Iringa. Ni eklogaiti: jiwe zito lenye vito vyekundu vya ganeti ndani ya madini ya kijani, ambalo basalti hugeuka ikisukumwa makumi ya kilomita chini. Kemia yake ni ya basalti ya mgongo wa bahari, na umri wa kuzama kwake ni miaka bilioni 2. Baadaye, mwaka 2012, Nelson Boniface wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzake walieleza eklogaiti nyingine zenye asili ya sakafu ya bahari katika ukanda wa Ubende, magharibi mwa nchi, zenye umri wa karibu miaka bilioni 1.9. Hayo ni mabaki ya bahari zilizokwisha, zikafungwa, zikasahauliwa kabisa na sura ya ardhi.

Nayasisitiza mawe haya kwa sababu ya joto lake. Yale ya Yalumba yalipikwa kwa nyuzi 750 hivi katika kina cha kilomita 60, joto ambalo kwa kina hicho ni kubwa kuliko la mabamba baridi ya leo. Dunia ya zamani ilikuwa na moto zaidi tumboni. Kama kanuni ya Catalina ni sahihi, basi bamba la namna hiyo liliachia naitrojeni nyingi kabla halijafika mbali, na ile gesi ikarudi hewani kupitia volkano. Mabamba baridi yanayoipeleka naitrojeni hadi chini kabisa ni tabia ya sehemu ya baadaye ya historia ya dunia. Sioni namna ya kuamini hesabu yoyote ya mzunguko wa naitrojeni inayochukua vipimo vya leo na kuvizidisha kwa miaka bilioni 4 bila kulitazama jiwe la Yalumba.

Sasa Masasi. Vilima vya mawe vinavyosimama peke yake kuuzunguka mji ni gneisi na granaiti za ukanda wa Msumbiji. Miamba mingi ya eneo hilo iliganda mara ya kwanza karibu miaka bilioni moja iliyopita, kisha ikapondwa na kupikwa upya kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, pale bahari iliyoitwa na wanajiolojia Bahari ya Msumbiji ilipofungwa na mabara yakagongana. Tunachokiona leo ni mizizi ya milima iliyokwisha kumomonyoka. Na katika mizizi hiyo, kutoka Ruangwa na Nachingwea hadi Masasi, mna kinywe, madini ambayo makampuni yanayatafuta kwa ajili ya betri. Kinywe hicho kilianza kama uchafu wa viumbe katika tope lililotulia majini. Moto wa kugongana kwa mabara uliondoa karibu kila kitu na kuacha kaboni safi.

Viumbe hawaundwi kwa kaboni pekee. Palipo na mabaki yao palikuwa na naitrojeni, na moto ulipoanza kuifukuza kutoka kwenye mabaki, ilikuwa na mahali pawili pa kwenda: ama itoroke kuelekea juu, ama ikalie kiti katika ulanga mweusi unaometameta ndani ya gneisi hiyo hiyo. Kila mtoto wa Masasi ameushika ulanga huo kwenye kijiwe cha njiani.

Ukiacha Masasi na kupanda kuelekea Newala mambo yanabadilika. Unaondoka kwenye gneisi na kupanda uwanda wa Makonde, ambao ni mchanga na mawe ya mchanga ya enzi za Kretasia, yaliyokwanguliwa kutoka bara na kutandazwa kuelekea pwani. Chembe za kwatzi zinavumilia safari. Ulanga na feldispa haviwezi. Njiani viti vilivunjika. Mfinyanzi mdogo uliobaki ni kaolini, ambao kurasa zake zimeshikana zenyewe na hazina nafasi ya potasiamu wala amoniamu katikati. Naitrojeni ya udongo kama huo inategemea mboji peke yake, na mboji katika mchanga wenye joto huliwa haraka na vijidudu, ikageuka naitreti, nayo naitreti haishikwi na chochote.

Watu wa uwanda huo wanaijua tabia ya mchanga wao kwa njia nyingine, ya maji. Mvua ikinyesha Newala inapotea chini. Kabla ya mradi wa maji wa Makonde wa miaka ya 1950, na hata baada yake mitambo inapokwama, wanawake wameshuka genge na kupanda tena na ndoo kichwani kutafuta chemchemi za bondeni. Maji yaleyale yanayopita bila kusimama ndiyo yanayoondoka na naitreti. Shida ya ndoo na shida ya jani la njano ni shida moja ya ardhi, na nimeshangaa siku zote kuona zikishughulikiwa na wataalamu wasiokaa meza moja.

Mkulima alikuwa na dawa yake: kufyeka kichaka, kulima miaka michache, kuacha kichaka kirudi. Mikorosho iliposhika ardhi kwa kudumu, nafasi ya kuacha ilipungua. Kisha ikaja salfa ya kuzuia ubwiriunga, ambayo imeokoa zao lenyewe, lakini utafiti wa Amos Majule na wenzake katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba salfa inayodondoka inauongezea uchachu udongo wa mikorosho wa kusini. Udongo wenye uchachu unapungukiwa na uwezo wa kushika hata ule mzigo mdogo uliobaki. Ng'ombe ni wachache, kwa hiyo samadi ni chache. Kinachobaki ni kunde, choroko, mbaazi, karanga na njugumawe, mimea ambayo vijidudu vya mizizi yake vinakata vile vifungo vitatu bila kiwanda. Mashina ya mbaazi yakichomwa, sehemu kubwa ya kazi hiyo inarudi hewani pamoja na moshi. Yakifukiwa, inabaki angalau kwa msimu.

Kutoka chini, naitrojeni inarudi kwa milango kadhaa, na miwili ya kuvutia iko kwetu. Gesi iliyokusanywa kwenye volkano ya Oldoinyo Lengai na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2009 na Tobias Fischer na wenzake ilikuwa na alama zinazofanana na za migongo ya bahari, ingawa mlima umesimama katikati ya bara: huko chini tabaka la kati ni moja. Rukwa ni habari tofauti. Chemchemi zake hububujisha gesi ambayo karibu yote ni naitrojeni, ikiwa na heliamu inayofika sehemu 10 katika 100. Magazeti yaliandika heliamu, na ni haki yao, kwa kuwa ndiyo yenye bei. Lakini heliamu hiyo inazaliwa taratibu kwa kuoza kwa urani na thori katika miamba kongwe, na haiwezi kusafiri bila mchukuzi. Mchukuzi ni naitrojeni, na naitrojeni nyingi hivyo katika bara kongwe inaelekeza kwenye viti vya zamani vinavyoachia, moto wa bonde la ufa ukiipasha miamba upya.

Jumla yake ni nini? Ben Johnson na Colin Goldblatt walipokusanya vipimo mwaka 2015 walikadiria kwamba tabaka la kati lina naitrojeni mara 6 hivi ya iliyo hewani, kwa kosa kubwa la kila upande: yaweza kuwa mara 2, yaweza kuwa mara 10. Kinachozama kila mwaka kinakadiriwa kuwa kama tani milioni moja. Ni kidogo ukilinganisha na zaidi ya tani milioni 100 ambazo viwanda vya mbolea huzichota kutoka hewani kila mwaka kwa mbinu ya Fritz Haber na Carl Bosch. Lakini mbolea inarudi hewani baada ya miaka michache au mamia, na iliyozama hairudi mapema. Kwa tani milioni moja kwa mwaka bila marejesho, hewa yote ingekwisha naitrojeni katika miaka bilioni 4 hivi, karibu umri wa dunia.

Basi je, hewa ya kale ilikuwa nzito au nyepesi kuliko ya leo? Mwaka 2009 Goldblatt na wenzake walipendekeza kwamba naitrojeni nyingi zaidi ingesaidia kuipasha dunia wakati jua lilipokuwa hafifu. Jibu kutoka kwenye mawe halikuwapendelea. Sanjoy Som na wenzake walipima mwaka 2012 alama za matone ya mvua yaliyoanguka kwenye majivu ya volkano huko Afrika Kusini miaka bilioni 2.7 iliyopita, wakapata kwamba hewa haikuzidi mara mbili ya leo. Mwaka 2016 walipima mapovu yaliyoganda ndani ya lava ya umri uo huo huko Australia, wakapata mgandamizo usiofika nusu ya leo. Kisha mwaka 2020 Jabrane Labidi na wenzake walionyesha kwamba katika gesi za volkano za mahali kama Iceland na Yellowstone sehemu kubwa ya naitrojeni iliyodhaniwa kutoka kina kirefu ni hewa iliyochanganyika njiani, na kwamba naitrojeni halisi ya huko chini haionyeshi kujazwa sana na iliyozamishwa.

Ninavyoona, ushahidi huu unakubaliana na mawe ya Yalumba. Zamani za moto, viti viliachia mapema na kilichozama kilirudi. Kuzama kwa dhati ni kwa karibuni, kwa hiyo hakujapata muda wa kubadilisha tabaka la kati. Lakini hewa nyepesi ya Australia inabaki bila maelezo yaliyokamilika, maana lazima naitrojeni ya wakati huo iwe ilikuwa mahali fulani, na ganda la bara lenye ulanga ni mshukiwa ambaye hajahojiwa vya kutosha. Katika California, Scott Morford na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba misitu iliyoota juu ya mawe ya tope yenye naitrojeni ilikuwa na naitrojeni zaidi ya ile jirani kwa nusu nzima. Mwamba unalisha, pale unapokuwa nayo.

Ndiyo maana nataka mawe ya kinywe ya kusini yapimwe. Uchorongaji umeshafanyika Ruangwa na Nachingwea kwa pesa za wachimbaji, na vipande vya mwamba vimeshapimwa kaboni. Kupima naitrojeni ndani ya ulanga wa vipande vya namna hiyo kunahitaji jiwe lisagwe, lipashwe moto katika mrija usio na hewa, na gesi inayotoka ipelekwe kwenye mashine ya kupima uzito wa atomu. Yakikutwa mamia ya gramu kwa tani, yenye alama nzito ya tope la bahari, basi Bahari ya Msumbiji ilipofungwa iliacha naitrojeni yake barani, na mashamba yaliyo kwenye gneisi chini ya genge yana akiba ambayo mashamba ya mchanga juu yake hayana. Zikikutwa gramu chache tu, basi ilitoroka milima ilipopikwa, na sehemu ya hewa tunayoivuta ilitoka huko.